Mshono wa Mguu Uliokatwa Ukichelewa Kupona: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Paka wangu alikatwa mguu wa nyuma baada ya kugongwa na gari. Siku ya 12 daktari wa wanyama alitoa nyuzi. Mshono ulikuwa msafi, mwembamba kama mstari wa penseli, nikamshukuru Mungu kwamba yamekwisha. Siku ya 14 aliruka kutoka kwenye kiti. Alipotua aligeuka haraka kujitazama ubavuni, kisha akaanza kulamba. Nilipomshika nikakuta mshono umeachia katikati, kama sentimita 3, na ndani panaonekana pekundu.

Wiki zilizofuata kila aliyemwona alikuja na dawa yake. Wote walisema kwa nia njema, na karibu wote walikosea. Naandika kwa mwenye mbwa au paka ambaye leo anautazama mshono usiofunga. Kidonda kinachochelewa kina sababu yake, na mengi tunayoyaamini hutuzuia kuitafuta.

"Nyuzi zikitolewa, kidonda kimepona"

Hii ndiyo iliyoniponza. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 10 na ya 14 kwa sababu kufikia hapo ngozi ya juu imeshikana, lakini iliyo chini yake bado changa. Mwili hujenga kwa hatua. Siku chache za mwanzo ni za uvimbe na joto: damu inaganda, seli za kinga zinakuja kuondoa uchafu na vijidudu. Kisha huja wiki mbili tatu za kujaza pengo kwa nyama changa na mishipa midogo ya damu. Baada ya hapo kovu hukazwa na kupangwa upya kwa miezi mingi, hata kupita mwaka. Mwishoni mwa wiki ya 3 mshono huwa na takriban asilimia 20 tu ya nguvu ya ngozi isiyoguswa, na kovu hata likikomaa kabisa hukomea kwenye asilimia 80 hivi.

Katika hili paka huwa nyuma zaidi ya mbwa. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliolinganisha uponaji wa ngozi ya paka na ya mbwa, ukaonyesha kwamba siku ya 7 mshono wa paka una karibu nusu ya nguvu ya mshono wa mbwa. Wapasuaji wa wanyama wanakijua vizuri kidonda cha paka kinachoonekana kimepona kumbe bado: nyuzi zinatoka, mnyama anarudia mizunguko yake, mshono unafunguka. Mimi sikuambiwa, na sikuuliza. Ningejua, kiti kile kingetolewa chumbani.

Kuna na jambo la kutembea. Mnyama aliyekatwa mguu mara nyingi husimama siku ya pili tu, na watu husema, "Huyo ameshazoea, mwache akimbie." Kuzoea miguu mitatu ni kitu kimoja, mshono kushika ni kitu kingine. Mguu unapokatwa juu pajani au kwenye nyonga, misuli hushonwa juu ya eneo lililobaki na ngozi huvutwa ifunike. Mnyama anapojikaza kusimama, misuli hiyo hujikunja na kulegea chini kabisa ya mshono, na ngozi nayo huvutwa huku na huku. Kwa hiyo mbwa hutoka kwa kamba, aende haja na kurudi, kwa muda wote ambao daktari amesema. Paka akae chumba kidogo kisicho na pa kupanda. Sakafu ikiwa ya utelezi, tandika mkeka au zulia, kwa maana kuteleza mara moja tu hutosha kufumua kazi ya wiki mbili.

"Ule uvimbe wa maji ni usaha, ukamue"

Mguu ukiondolewa hubaki nafasi kati ya ngozi na misuli, na mwili huijaza majimaji. Madaktari huuita uvimbe huo seroma. Ni laini, huchezacheza chini ya kidole kama puto lenye maji, hauna joto la ajabu, na taratibu huteremka sehemu ya chini kwa uzito wake. Aghalabu mwili huyanyonya maji hayo wenyewe ndani ya wiki 2 hadi 3. Ukitoboa kwa sindano nyumbani unawapelekea vijidudu dimbwi la chakula, na ukikamua unazibandua tabaka zilizokuwa zimeanza kushikana. Uvimbe unaokua siku hadi siku, ulio mgumu, wa moto, au unaomfanya mnyama alie ukiugusa, huo mwachie daktari auone siku hiyo hiyo.

"Kidonda kiachwe wazi, kipigwe jua kikauke"

Hapa watu huchanganya mambo mawili. Mshono uliofunga unatakiwa kweli uwe mkavu, ndiyo maana mnyama haogeshwi mpaka nyuzi zitoke. Jeraha lililofunguka lina kanuni nyingine. Mwaka 1962 mtafiti George Winter alichapisha majaribio yake juu ya nguruwe wadogo: majeraha aliyoyafunika kwa utando wa plastiki yalipata ngozi mpya kwa kasi karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa hewani yakafanya gamba. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria. Seli za ngozi husafiri kwa kutambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na haziwezi kutambaa pakavu. Gamba likishakauka inabidi zijichimbie njia chini yake.

Kidonda kilicho wazi pia huita nzi. Penye joto mayai yao huanguliwa kabla siku haijaisha, na ndani ya bandeji iliyolowa funza hao wanaweza kukaa bila wewe kujua. Basi jeraha lifunikwe kwa kitambaa kisichonata kinachotunza unyevu kiasi, juu yake shashi na bandeji, na libadilishwe kwa ratiba ya daktari. Bandeji iliyolowa au kunuka haingoji ratiba.

"Nyama ile nyekundu imeoza"

Siku ya 19 nilifungua bandeji nikaona kitu ambacho karibu kinitoe machozi ya hofu. Lile pengo lilikuwa limejaa punje ndogo ndogo nyekundu, zinazong'aa, zimebanana kama punje za komamanga. Nilipogusa kwa shashi palitoka tone la damu mbichi. Jirani aliyekuwa amenishikia tochi akasema, "Dada, hiyo nyama inaoza, mrudishe wakaikwangue."

Nilimrudisha kweli, na daktari alipoitazama akatabasamu. Ile ndiyo nyama changa, ndiyo tunayoisubiri. Inang'aa na kutoka damu kirahisi kwa sababu imejaa vijishipa vipya vya damu, na kwa sababu hiyo hiyo inapigana vizuri na maambukizi. Akanionyesha ukingoni ukanda mwembamba wa rangi ya waridi iliyofifia, si mpana kuliko uzi wa viatu: ngozi mpya inaingia. Utando mwembamba wa manjano juu yake nao si lazima uwe usaha, mara nyingi ni protini ya damu iliyoganda. Kilichokufa huwa cheusi, kijivu au kijani, hakitoki damu, na hunuka.

Nikamuuliza kwa nini asishone tena tu, tumalize. Hilo nalo ni la kueleza, maana wengi huona daktari asiyeshona ni mvivu. Jeraha lililokaa wazi na kulambwa limeshaingia vijidudu, na kulifunga juu juu ni kuvifungia ndani. Wakati mwingine hushonwa tena baada ya kusafishwa na kuandaliwa kwa siku kadhaa, hasa pengo likiwa kubwa. Wakati mwingine huachwa lijifunge lenyewe. Kingo huanza kuvutana kati ya siku ya 5 na ya 9, kwa kasi ya milimita 0.6 hadi 0.8 kwa siku. Piga hesabu hiyo kwa pengo lako kabla ya kukata tamaa: upana wa sentimita chache ni wiki kadhaa hata mambo yakienda sawa.

"Povu la peroksaidi ndilo linalosafisha"

Haidrojeni peroksaidi hutoa povu kwa sababu inakutana na kimeng'enya kilichomo katika damu na seli, seli hai zikiwemo. Povu lile halichagui. Linachoma na zile seli zinazojenga, sawa na spiriti, na sawa na iodini iliyokolea. Maji ya chumvi yanatosha: gramu 9 za chumvi kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, yamwagwe taratibu juu ya jeraha bila kusugua. Asali kwa kweli ina kazi yake katika vidonda, huvuta majimaji na ina asidi, lakini inayotumika hospitali imeuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya jikoni yaweza kubeba mbegu za bakteria, basi usiipake kwa uamuzi wako.

"Mate ya mnyama ni dawa, mwache ajilambe"

Hapana. Ulimi wa paka una miba midogo inayokwangua kama msasa, na mdomo wa mbwa na paka una bakteria wake, kama Pasteurella, wanaofurahia kupata jeraha. Mnyama aliyedhamiria hutoa nyuzi zote usiku mmoja. Ile kola ya koni shingoni inamkera, najua, nilikuwa namwangalia wangu akijigonga kwenye mlango na roho inaniuma. Niliivua "nusu saa tu apumzike" mara mbili, na mara zote mbili nililipia. Ivae mchana na usiku. Akishindwa kula nayo, ivuliwe wakati wa kula tu, ukiwa umekaa hapo hapo.

"Hakiponi, basi aongezewe antibayotiki"

Hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo. Antibayotiki huua bakteria. Kama kinachochelewesha kidonda si bakteria, vidonge havitafanya kitu zaidi ya kuzalisha bakteria sugu. Na kama ni bakteria, ni wepi? Daktari anaweza kuchukua sampuli ya kidonda ipelekwe maabara ioteshwe na kupimwa dawa ipi inawaua bakteria hao. Dozi ya pili ikishindwa, kipimo hicho kiombwe kabla ya kuanza ya tatu.

Baada ya hapo, sababu nyingine zitazamwe moja baada ya nyingine. Je, mnyama anatumia steroidi, labda kwa mzio wa ngozi wa zamani? Hizo hupunguza kasi ya kupona waziwazi. Ana kisukari? Ana ugonjwa wa homoni wa Cushing? Kwa paka, amepimwa virusi vya upungufu wa kinga na vya saratani ya damu? Ni mnene mno? Mafuta yana mishipa michache ya damu na hayashiki uzi vizuri. Amekonda, hataki kula? Kidonda hujengwa kwa protini, na asiyekula hana tofali. Je, kuna uzi wa ndani ambao mwili umeukataa, au kipande cha mfupa kilichobaki? Dalili yake ni kijitundu kinachofunga na kufunguka pale pale, kikitoa majimaji. Je, sehemu iliyobaki ya mguu ni ndefu kiasi kwamba inagonga sakafu kila akikaa?

Na kwa aliyekatwa mguu kwa sababu ya saratani ya mfupa, ambayo huwapata zaidi mbwa wenye maumbo makubwa, kuna swali zito zaidi: je, uvimbe umerudi ukingoni? Kipande kidogo cha nyama kikipelekwa maabara hujibu. Kama tibakemia, yaani dawa za kuua saratani, iko njiani, mwambie daktari wa saratani hali halisi ya mshono, kwa kuwa dawa hizo huzuia seli zinazogawanyika haraka, na seli za kidonda ni miongoni mwazo.

"Anaumia, mpe nusu ya Panadol"

Usithubutu. Ini la paka haliwezi kuivunja vizuri paracetamol, dawa iliyomo ndani ya Panadol. Ndani ya saa chache ufizi hugeuka bluu au kahawia, uso na nyayo huvimba, na wengi hufa. Ibuprofen nayo hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo. Maumivu ni ya kweli na yanachelewesha kupona, hivyo yatibiwe, ila kwa dawa na kipimo alichoandikiwa yeye.

Ya kukimbilia kliniki bila kungoja kesho ni haya: damu isiyokoma ukiikandamiza dakika 10, ngozi nyeusi inayopanuka, harufu mbaya, wekundu unaoenea mbali na mshono, joto la mwili lililopita nyuzi 39.5 (la kawaida kwa mbwa na paka ni kama 38 hadi 39.2), au mnyama aliyekuwa anakula akaacha ghafla.

Mimi kilichonisaidia kuliko vyote ni rula. Kila baada ya siku 2 niliiweka kando ya jeraha nikapiga picha, mwanga ule ule, upande ule ule. Macho yanayotazama kila saa hayaoni badiliko, ila picha ya siku ya 16 ikikaa pembeni ya picha ya siku ya 30 ilinionyesha milimita zangu, na daktari naye alizitumia kuamua. Siku ya 47 nilipiga ya mwisho. Palikuwa na mstari mweupe, na juu yake nywele fupi zilikuwa zimeanza kuota.