Kwa nini moto wa msituni huteketeza nyumba na kuuacha mti ulio kando yake?

Asubuhi ya Novemba 8, 2018, moto uliingia katika mji wa Paradise, kaskazini mwa California nchini Marekani. Watu 85 walifariki na majengo zaidi ya 18,000 yaliteketea. Picha zilizopigwa kutoka angani baada ya siku chache zilionyesha jambo la ajabu. Mtaa mzima ulikuwa majivu na misingi mitupu, lakini katikati ya viwanja hivyo misonobari ilikuwa imesimama, mingi ikiwa na majani yake ya kijani. Kama ukuta wa moto ungepita pale, si miti ndiyo ingetangulia kuungua?

Ukuta wa namna hiyo haukupita katika mitaa hiyo. Kilichopita ni cheche.

Moto mkubwa wa msituni hupandisha hewa ya moto juu kwa nguvu, na hewa hiyo hubeba vipande vya magome, vijiti na majani vikiwa bado vinawaka. Upepo ukiwa mkali, vipande hivyo huanguka kilomita moja mbele au zaidi, vikimwagika kama mvua ya mawe. Cheche ikiangukia tawi bichi lenye maji, huzimika. Ikiangukia gata iliyojaa majani makavu, rundo la kuni ukutani, mkeka wa mlangoni au kiti cha plastiki barazani, mambo ni mengine. Nyingine hupenya kwenye matundu ya hewa na kuingia darini, ambako hakuna anayeziona. Na mara nyingi hakuna mtu wa kuziona hata huko nje, kwa kuwa wenyeji wameshaambiwa wahame. Moto ambao mtu angeuzima kwa ndoo moja ya maji unapata nafasi ya kula nyumba nzima.

Mtu aliyelisema hili mapema ni Jack Cohen, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, yeye na wenzake walisimamisha kuta za mbao kando ya msitu huko kaskazini mwa Kanada, kisha msitu ukachomwa makusudi. Baadhi ya kuta zilizokuwa mita 10 kutoka kwenye miti zilishika moto. Zilizokuwa mita 20 na 30 hazikushika. Sababu ni muda: miali mikubwa ya msituni hupita mahali pamoja kwa takriban dakika moja tu, na kwa umbali huo joto lake halitoshi kuwasha mbao kabla halijapungua. Kwa hiyo hatima ya nyumba huamuliwa zaidi na nyumba yenyewe pamoja na vitu vilivyo ndani ya mita 30 kuizunguka kuliko ukubwa wa moto ulioko mlimani.

Hapo ndipo jirani anapoingia. Miali ya msituni hupita kwa dakika moja, lakini nyumba ikishawaka huwaka kwa saa kadhaa, ikichoma kwa joto kila kilicho karibu. Watafiti waliochunguza mabaki ya Paradise waliona kwamba nyumba iliyokuwa chini ya mita 18 hivi kutoka jengo lililoungua ilikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupona. Umri wa nyumba nao ulihesabika. Katika nyumba walizozichunguza, zilizojengwa kabla ya 1997 zilizopona zilikuwa kama asilimia 11 tu. Zilizojengwa tangu mwaka huo zilikaribia asilimia 40. Kwa maneno mengine, unaweza kuwa umefagia, umezibua gata na kubadilisha paa, halafu nyumba ya jirani asiyejali ikaichoma yako. Ndiyo maana Firewise, mpango wa kuandaa makazi dhidi ya moto wa msituni ulioanza Marekani mwaka 2002, hautambui nyumba moja moja. Unatambua mtaa uliojipanga pamoja.

Sehemu inayotiliwa mkazo kuliko zote ni mita moja na nusu ya kwanza kutoka ukutani. Hapo panatakiwa pawe na changarawe, saruji au udongo mtupu, pasiwe na kichaka, kuni wala uzio wa mbao unaogusa nyumba. California ilipitisha sheria kuhusu eneo hilo mwaka 2020, na tangu hapo mabishano hayaishi, maana kuna watu wanaopenda maua yao chini ya dirisha. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda akacheka kidogo. Uwanja uliofagiliwa hadi udongo ukabaki mtupu, kwa kuogopa nyoka, ni jambo ambalo bibi zetu walilisimamia bila sheria yoyote. Paa la makuti, kwa upande wake, ndilo zawadi ambayo cheche huiombea. Matundu ya hewa huwekewa wavu wa chuma wenye vitundu vya milimita 3 au chini yake. Wavu wa plastiki huyeyuka.

Agosti 8, 2023, mji wa Lahaina huko Hawaii ulipoungua, nyumba moja ya mbao yenye paa jekundu ilibaki imesimama huku majirani zake wote wakiwa majivu. Ilikuwa na umri wa karibu miaka 100. Wenye nyumba walikuwa wameondoa paa la lami na kuweka la bati nene, wakang'oa mimea iliyogusa kuta na kumwaga mawe ya mtoni mahali pake. Hawakuwa wakifikiria moto hata kidogo. Walikuwa wanawakwepa mchwa.

Cheche huvuruga pia mipango ya kuhama. Paradise ilikuwa na mpango mzuri kwenye karatasi: mji uligawanywa katika kanda, zihame kwa zamu ili barabara chache za kutokea zisizibe. Lakini cheche zilianzisha moto mitaa kadhaa kwa wakati mmoja, kila mtu akatoka, magari yakakwama. Baadhi ya watu waliokoka kwa kukusanyika kwenye maegesho ya magari ya lami, mahali pasipo na cha kuungua. Wengi wa waliokufa walikuwa wazee.

Kwa hiyo ukiishi maeneo hayo, swali la nani atampitia mzee wa nyumba ya tatu huulizwa kabla ya msimu wa kiangazi. Gari huegeshwa likitazama barabarani. Mikeka na mito ya baraza huingizwa ndani, madirisha hufungwa, ndipo mtu anaondoka. Kuna na jambo dogo ambalo halikuwaziwa mpaka Oktoba 2017, moto ulipopiga kaskazini mwa San Francisco: umeme ulikatika, na milango ya gereji inayofunguka kwa umeme ikawagomea watu wasio na nguvu za kuinyanyua kwa mikono, wengine wakafia humo. Tangu Julai 2019, mashine ya mlango wa gereji inayouzwa California lazima iwe na betri yake ya akiba.