Dakika mbili tu getini: dhana potofu kuhusu kuegesha gari nje ya shule za Malindi

Msongamano wa mbele ya shule hauzidi saa moja hivi kwa siku. Ni nusu saa hivi asubuhi, na nyingine kama hiyo mchana watoto wanapotoka. Katika muda huo mfupi hukutana Probox, Noah, tuktuk, bodaboda, basi la njano la shule na watoto wa PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) ambao vimo vyao havifiki hata kwenye vioo vya milango. Wanaoziba njia hapo si wahuni. Ni wazazi, tena wengi wao huegesha vibaya kwa sababu wanawahofia watoto wao. Kila mmoja anajisogeza karibu na geti ili wake awe salama, na kwa kusogea huko anawafungia wengine wote macho.

Zifuatazo ni hoja zinazosikika zaidi, kuanzia Barani hadi Muyeye, na majibu yake.

Dhana: Nikisimama getini kabisa, mwanangu atakuwa salama zaidi.

Hii ndiyo mama wa dhana zote, kwa hiyo tuitazame kwa karibu.

Mtoto wa miaka sita ana urefu wa kama sentimita 115. Probox ina kimo cha mita moja na nusu, Noah inapita mita 1.8. Mtoto akisimama nyuma ya gari lolote kati ya hayo, dereva anayekuja haoni hata utosi wake, na yeye pia haoni kitu. Ili aone, lazima achomoze kichwa, na mtoto akichomoza kichwa, mguu tayari uko barabarani.

Sasa tupige hesabu ya breki. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, kiwango cha juu kinachoruhusiwa mjini Kenya, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja tangu kuona hadi mguu kukanyaga breki. Yaani mita 14 zimekwisha na gari halijaanza kupungua mwendo. Kisha lahitaji mita nyingine kama 14 lisimame, lami ikiwa kavu na tairi nzuri. Jumla ni 28. Kwa kilomita 30 kwa saa, hesabu hiyo hiyo hutoa mita 8 za kufikiri na 5 za kusimama: 13 tu. Mtoto akichomoza kati ya magari mawili mita 13 mbele, dereva wa kilomita 30 atasimama karibu naye sana, wote wakitetemeka. Wa kilomita 50 atampiga kwa mwendo ule ule aliokuwa nao, kwa sababu bado hajagusa breki. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 pale watembea kwa miguu na magari wanapochanganyika.

Malindi ina nyongeza zake. Mchanga uliotambaa juu ya lami huzifanya mita hizo ziwe nyingi zaidi. Na saa moja asubuhi jua liko chini upande wa baharini, kwa hiyo anayeendesha kuelekea mashariki linamwingia machoni moja kwa moja, tena kupitia kioo chenye vumbi na ukungu wa chumvi. Kupangusa kioo kwa waipa peke yake hukipaka tu ile chumvi. Kioshe kwa maji na sabuni, nje na ndani, walau mara moja kwa wiki.

Kwa vitendo: acha wazi mita 10 kila upande wa geti na wa kivuko cha pundamilia. Ni sawa na Probox mbili na nusu kwa urefu. Kisha tafuta mahali mita 200 au 300 mbali, pengine karibu na duka au kiwanja, uegeshe, mtembee. Mita 300 kwa hatua za mtoto mdogo ni kama dakika tano. Kwa kawaida unafika darasani kabla ya yule aliyengoja nafasi getini.

Dhana: Ni dakika mbili tu.

Hizo dakika mbili hazipo. Kuna mkoba uko kwenye buti, chupa ya maji imeviringika chini ya siti, kiatu kimefunguka, halafu, "Mama, daftari la hesabu!" Lakini hata zikiwa mbili kweli: magari kumi yakipokezana mahali pamoja, ni dakika ishirini za geti kuzibwa mfululizo.

Halafu upana. Chukua barabara ya mita 6, kama zilivyo nyingi za mitaani. Probox moja ina upana wa mita 1.7. Egesha moja kila upande, kila moja ikiwa sentimita 30 kutoka ukingoni, na umekwisha kula mita 4. Katikati zimebaki 2. Tuktuk inapita, bodaboda inapita, basi la shule halipiti, gari la zimamoto halipiti, na ambulensi inapita kwa kukunja vioo vya pembeni ikiwa dereva wake ni hodari. Hakuna aliyefunga njia kwa kukusudia, kila mmoja alikuwa amesimama "pembeni".

Sheria ya Trafiki ya Kenya (Sura ya 403) nayo haihesabu dakika. Inachoangalia ni kama gari limeachwa mahali linapozuia wengine au kuwahatarisha, injini iwe inanguruma au imezimwa, dereva awe ndani au nje.

Kushusha mtoto kwa sekunde ishirini kunawezekana, ila kazi yote ifanyike kabla ya kusimama. Mkoba uwe mapajani mwake, si kwenye buti. Viatu vifungwe nyumbani. Mtoto akae kiti cha nyuma upande wa kushoto, ambao ndio upande wa ukingo wa barabara kwetu tunaoendesha kushoto, na ashukie hapo hapo. Mlango wa nyuma wa kulia ufungie kufuli ya watoto: ni kile kitufe au kishikio kidogo kwenye ubavu wa mlango, kinachoonekana mlango ukiwa wazi. Ukikigeuza, mlango haufunguki kwa ndani. Wewe dereva ukilazimika kushuka, fungua mlango wako kwa mkono wa kushoto. Mkono wa mbali hulazimisha bega na shingo kugeuka, na ukigeuka utaiona bodaboda inayokuja nyuma kabla mlango haujaifungukia usoni.

Dhana: Nimewasha hazadi.

Hazadi haigeuzi mahali pabaya kuwa pazuri. Taa hizo zimewekwa kwa gari lililoharibika au lililo hatarini. Tena getini zinapotosha: magari yakiwa yamebanana, anayekuja nyuma huona taa ya upande mmoja tu, na taa moja inayowaka na kuzima maana yake ni kwamba gari linataka kuingia barabarani. Anapiga breki, au anakwepa kuelekea katikati, ambako huenda kuna mtoto.

Dhana: Nitasimama ng'ambo nimpigie honi, ananiona, atavuka.

Kuona anakuona, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto aliyeitwa na mzazi humtazama mzazi, hatazami barabara. Watoto wa chini ya miaka kumi bado hawawezi kupima vizuri kasi na umbali wa gari linalokuja, hata wale walioimba kulia, kushoto, kulia tena tangu chekechea. Honi ya Baba ikilia, wimbo unasahaulika.

Ikiwa shule iko kulia kwako, pita, zunguka mbele panapofaa, urudi ukiwa upande wa shule. Usijiegeshe upande wa kulia ukitazamana na magari yanayokuja, kwa kuwa hapo mlango wa kushoto wa mtoto unafunguka katikati ya barabara. Kama hakuna pa kuzunguka, shuka mwenyewe, umvukishe kwa mkono. Na usipige rivasi mbele ya geti hata ukiwa na kamera: vumbi la Malindi huifunika kamera kabla ya Jumatano, na mtoto aliyeinama kuokota penseli nyuma ya gari hayumo kwenye kioo chochote.

Dhana: Kando ya lami si barabara, hapo kila mtu huegesha.

Kando ya lami ndiyo njia ya mtembea kwa miguu pale ambapo haikujengwa nyingine, na sehemu kubwa ya mji wetu haikujengewa. Kuendesha gari juu ya njia ya waendao kwa miguu ni kosa tangu marekebisho ya sheria ya trafiki ya mwaka 2012. Lakini kuliko faini, fikiria masika. Muhula wa pili unapoanza, mvua za Aprili na Mei zinajaza madimbwi kando. Mtoto hupata ukanda mwembamba tu kati ya dimbwi na lami. Ukiuegeshea, anabakiwa na njia moja: kuingia barabarani na kulizunguka gari lako, mwavuli ukimziba sikio na jicho la upande mmoja.

Dhana: Wazazi hatuna neno, wanaoharibu ni tuktuk na bodaboda.

Kuna ukweli ndani yake. Husimama popote abiria aliponyoosha mkono, na bodaboda yenye watoto watatu ni jambo la kila asubuhi, ingawa sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Lakini nani amewapakia hao watatu? Dereva wa tuktuk husimama anapoambiwa. Mlipaji ndiye mzazi, naye ana haki ya kusema: "Kaka, usiwashushe getini. Washushie pale dukani, upande wa kushoto, na hakikisha kile chuma cha upande wa kulia kimefungwa." Dereva anayelipwa kwa mwezi husikiliza, kwa sababu ni mkate wake.

Dhana: Kwa joto hili siwezi kuzima injini, na mdogo nimemwacha amelala ndani.

Kaskazi ya Januari hadi Machi ni kali, hilo halina ubishi. Lakini moshi wa bomba la eksozi hutoka kwenye kimo cha pua za watoto, si chako. Kama utangoja zaidi ya nusu dakika, zima. Kuwasha tena hakuli mafuta kuliko kunguruma.

Kuhusu mdogo aliyelala, hapa hatuna upole. Gari lililozimwa juani, nje kukiwa na nyuzi 29 au 30, hufika nyuzi 40 ndani kwa dakika kumi hivi, na kufungua kioo kidogo hakusaidii sana. Likiachwa linanguruma ni ubaya mwingine: mtoto wa miaka mitatu anafikia gia. Mbebe uende naye, au usishuke.

Dhana: Hiyo ni kazi ya askari wa geti.

Mamlaka ya mlinzi huishia getini. Anaweza kukuomba, "Mama, sogea mbele kidogo," nawe ukamjibu utakavyo, maana barabara si yake. Wazazi wengi humjibu vibaya, na ni aibu, kwa kuwa ndiye mtu pekee pale anayeiona picha nzima.

Kinachofanya kazi ni mpango wa shule yenyewe. Kwanza, magari yote yaingie kwa upande mmoja wa mtaa na kutokea upande wa pili, hata kama serikali haijaweka bango. Wazazi wakikubaliana kwenye mkutano inatosha. Pili, nyakati zipishane. PP1 na PP2 watoke kwanza, halafu Gredi 1 hadi 3, wakubwa baadaye. Tangu Januari 2023 shule za msingi zina sekondari ya chini pia, kwa hiyo geti lililokuwa likitosha zamani sasa linapitisha madarasa zaidi. Tatu, mistari ya rangi: mita 10 kila upande wa geti, ipakwe upya kila likizo ya Agosti, kwa sababu jua na mchanga huila.

Matuta, alama na kivuko huombwa kwa barua ya bodi ya shule, na barua nyingi hupotea kwa kupelekwa ofisi isiyohusika. Barabara kuu ya Mombasa kwenda Garsen iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Za mjini huwa za KURA, mamlaka ya barabara za mijini, au za Kaunti ya Kilifi, kwa hiyo uliza kwanza hii ni ya nani. Ambatisha picha zilizopigwa saa ya msongamano, idadi ya wanafunzi, upana wa barabara uliopimwa kwa futi kamba, na mchoro wa mkono unaoonyesha geti, kona na mahali watoto wanapovukia hasa, ambapo mara nyingi si pale watu wazima wanapodhani. Nakala ipelekwe kwa mkuu wa trafiki wa kituo cha polisi. Na kama jirani kuna msikiti au chuo (madrasa), wahusisheni tangu mwanzo: Ijumaa adhuhuri ukingo ule ule una magari ya waumini, na Jumamosi asubuhi watoto wa chuoni wanavuka pale pale.