Nikisaini logibuku yako maana yake nimekuona

Kila rotesheni, yani zile wiki mwanafunzi wa uuguzi anazokaa wodi moja kujifunza, ikiwa inaisha, Ijumaa mchana, foleni inaanza nje ya ofisi ya inchaji wa wodi. Sio wagonjwa, ni wanafunzi. Kila mmoja kakumbatia logibuku, lile daftari la kazi alizofanya wodini ambalo msimamizi anasaini, zingine zina madoa ya chai, zingine zina vumbi la toka mwaka wa kwanza, "Shikamoo Sista, naomba unisainie hizi chache tu." Unafungua hizo chache unakuta prosija, yani kazi za kumhudumia mgonjwa, ishirini na mbili hazina sahihi hata moja, kuanzia kuweka mpira wa mkojo mpaka kuhudumia maiti, na zote zimejazwa kwa peni moja, muandiko mmoja, ina maana zimeandikwa jana usiku hosteli.

Nilikuwa nasaini. Nakiri. Miaka yangu ya kwanza kusimamia wanafunzi nilikuwa nawaza hawa watoto wamekaa hapa wiki nane, wamebeba mabeseni, wamesukuma machela, wametumwa damu maabara mara mia, nani atawanyima sahihi? Mpaka usiku mmoja simu ikaita, kijana niliyemsimamia, kashaajiriwa kituo cha afya huko mbali, yuko zamu peke yake. "Sista samahani kwa usiku, nina mzee hapa mkojo umemziba, nimeingiza mpira lakini mkojo hautoki, nijaze puto?" Nikaruka kitandani, usijaze! Puto, lile la kwenye ncha ya mpira linaloushikilia ndani ya kibofu, linajazwa mkojo ukishaonekana, ukilijaza likiwa bado kwenye njia ya mkojo unamchana mzee wa watu. Nikamuelekeza, akasogeza mpira mpaka mwisho, mkojo ukatoka, tukashukuru Mungu. Ila sikulala. Maana nilikuwa nakumbuka vizuri kabisa ule ukurasa wa kuweka mpira wa mkojo kwenye logibuku yake una sahihi tano, na zote tano ni zangu, na sijawahi kumuona akiweka hata mmoja.

Ndo toka hapo nikaanza kujiuliza hivi tunapima nini.

Logibuku inahesabu. Inasema umefanya mara ngapi, haisemi umefanyaje. Sasa mtaala wetu wa diploma ya uuguzi na ukunga Tanzania, level 4 mpaka 6, umejengwa kwa msingi wa umahiri, yani mwanafunzi asogee kwasababu anaweza na sio kwasababu muda umeisha, halafu mwishoni Baraza la Uuguzi na Ukunga linamsubiri na mtihani wa leseni. Kwenye karatasi imekaa vizuri sana. Lakini wodini umahiri unageuka kuwa idadi, na idadi inageuka kuwa foleni ya Ijumaa.

Kuna daktari mmoja Mmarekani, George Miller, mwaka 1990 aliliweka hili jambo kwa piramidi na mimi mpaka leo ndo naitumia kichwani. Chini kabisa mtu anajua, juu yake anajua inavyofanyika, juu yake anaweza kukuonyesha, na kileleni anafanya kweli kazini. Mtihani wa kuandika unakamata zile ngazi mbili za chini. Ule mtihani wa vituo, OSKE, ambao Ronald Harden na wenzake waliuanzisha Dundee kule Scotland miaka ya 70, unakamata ya tatu: mwanafunzi anaingia kituo, kuna mwanasesere, kuna dakika zake, anaonyesha, kengele inalia anahama. Mzuri sana ule mtihani, sina ugomvi nao. Ila mwanasesere haumwi, hana ndugu wanne wamesimama kitandani, na dawa haijawahi kumuishia. Ngazi ya juu kabisa inaonekana wodini tu, na wodini ndo tunasaini bila kuangalia.

Ngoja nikupe mfano mmoja ambao ukiuelewa huu mengine yote utayaelewa.

Wodi ya akinamama, bibi mmoja ana nimonia, siku ya pili. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa pili, msafi, sare imenyooka, anasalimia vizuri, kachukua vipimo na kajaza chati. Nikaangalia safu ya upumuaji: 20, 20, 18, 20, 20. Nikamwambia njoo tumuone bibi wote. "Bibi shikamoo, waendeleaje?" Bibi anajibu maneno mawili anapumzika, mawili anapumzika. Nikamshika kifundo cha mkono kama napima mapigo, hapo ndo nilikuwa nahesabu kifua, maana mgonjwa akijua unahesabu pumzi anaanza kupumua kwa adabu. Dakika nzima kwa saa ya ukutani. 34. Mtu mzima aliyetulia tunategemea 12 mpaka 20. Tukaweka ile mashine ya kidole inayopima oksijeni kwenye damu, ikasoma asilimia 86, iko chini, hapo hapo oksijeni, hapo hapo daktari akaitwa.

Nikamuuliza yule binti pembeni, sio mbele ya mgonjwa, ile 20 umeipata wapi. Akanyamaza, halafu akasema, "Sista, wote wanaandika 20."

Hilo jibu lilinichoma kuliko kosa lenyewe. Hakuitunga yeye, kaikuta. Kafungua chati kakuta sisi wenye leseni tumeandika 20 wodi nzima, kitanda cha kwanza mpaka cha mwisho, akajua hapa ndo kazi inavyofanywa. Kwahiyo ukimpima mwanafunzi jiandae kujipima na wewe, kwasababu vipimo vya kupika hawavitoi chuoni, chuoni wamefundishwa kuhesabu dakika nzima.

Na angalia, kwa logibuku yule binti ameshapima vipimo mara sitini. Sitini! Kwa mtihani wa vituo angepata zote, kwasababu mtahini kasimama na saa mkononi. Mkosi wa kazi yetu ni kwamba ukisimama kitandani na fomu kila mtu ananawa mikono. Kwahiyo mimi siku ya kwanza nawaambia wazi, ntawaangalia mkijua na ntawaangalia msipojua, asije mtu akasema nimemvizia. Kuna dirisha kati ya chumba cha dawa na wodi, mambo mengi nimeyaonea pale. Nani ananawa akitoka kitanda cha 6 kwenda cha 7, nani anafunga pazia kabla hajamfunua mama wa watu, nani anamuambia mgonjwa jina la dawa kabla ya kumchoma. Ukiniuliza fomu ya alama na lile dirisha nichague kimoja nadhani unajua jibu langu.

Ila kuangalia tu hakutoshi, lazima uulize, na swali ni kwanini. Mikono inaweza kwenda vizuri kwa kukariri. Nilikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu wodi ya watoto wachanga, mikono mizuri mno, kanula inaingia kwa kichanga kama anatia uzi kwenye sindano. Mtoto kilo 3, gentamaisini, dawa ya kuua bakteria, miligramu 5 kwa kilo, kwahiyo 15. Ampuli, kile kichupa cha dawa, ina miligramu 80 kwenye mililita 2. Akapiga hesabu fasta akanijibu mililita 3.75, akanyoosha mkono kuchukua ampuli ya pili. Sikumwambia umekosea. Nikamuuliza kwanini unafungua ya pili? Akaangalia ampuli, akamuangalia mtoto, akaangalia ampuli tena, yani nilikuwa naona kabisa akili inazunguka, akasema "Mungu wangu, ni 0.375", akaacha ile sindano kubwa akaomba ya mililita 1.

Sasa huyo unampa ngapi? Wenzangu tulibishana chumba cha chai. Mmoja akasema zero, dawa ni dawa. Mimi nilisema hajaiva kutoa dawa peke yake, nikaandika hivyo, lakini nikaandika pia kwamba alijikamata mwenyewe kwa swali moja. Wiki iliyofuata nikampima tena mara tatu, siku tatu tofauti, watoto tofauti, na hapo ndo nikasaini. Siku moja haitoshi kumwambia mtu ameweza, na siku moja haitoshi kumwambia ameshindwa, labda awe amemhatarisha mtu kabisa.

Siku hizi alama za asilimia nimeziweka pembeni, 65 na 70 tofauti yake nini, hata mimi sijui. Najiuliza swali moja: kwa hii kazi naweza kumuacha kiasi gani? Kuna anayeangalia tu mimi nafanya. Kuna anayefanya nikiwa nimesimama bega kwa bega. Kuna anayefanya mimi nikiwa wodini naandika ripoti, akikwama ananiita. Na kuna ambaye naweza kwenda kunywa chai. Mtu mmoja anaweza kuwa wa chai kwenye kufunga kidonda akawa wa bega kwa bega kwenye kuongeza damu, ni kawaida kabisa, na ndo maana ile alama moja ya jumla ya rotesheni nzima mimi huwa siielewi. Naandika siku ile ile, mistari miwili, niliona nini. Ukisubiri Ijumaa unakumbuka sura tu, na sura inadanganya, mchangamfu anapata nyingi, mpole asiyeongea anapata chache, na yule aliyekuletea maandazi siku ya zamu ya usiku mwenyewe unajua.

Najua utaniuliza muda natoa wapi, wanafunzi arobaini na wasimamizi wawili na wodi imejaa mpaka wagonjwa wanashare vitanda. Sina muda. Nachagua watatu kila asubuhi baada ya ripoti, dakika kumi kumi, kwenye kazi ambayo ingefanyika hata hivyo. Watatu kwa siku, siku tano, ni kumi na tano kwa wiki. Wengine nawapa manesi wenzangu wa zamu, na sharti ni hilo hilo, saini ulichokiona tu.

Jambo gumu kuliko yote ni kumfelisha. Mwaka 2003 huko huko Scotland mtafiti anaitwa Kathleen Duffy alionyesha kwamba wasimamizi wanawapitisha wanafunzi hata wakiwa na mashaka nao, na niliposoma nilicheka kwasababu nilidhani ni sisi tu. Waingereza baadae, mwaka 2018, kwenye viwango vyao wakamtenganisha anayemfundisha mwanafunzi kila siku na yule anayeamua kama amefaulu. Sisi mtu ni huyo huyo mmoja, umemfundisha, umekula nae, unajua mamake kauza mahindi kulipa ada, halafu umwambie ana sapu, yani arudie mtihani, au mbaya zaidi adisko, yani aondolewe chuo.

Nilimfelisha mmoja mwaka jana, ukunga. Mara nne alichora patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama, baada ya mtoto kuzaliwa, anarudi nyuma kujaza mapigo ya mtoto kila nusu saa, yote 140, mazuri kama yamepigwa chapa. Nilimuonya mara ya kwanza na ya pili kwa maandishi na akasaini, hiyo ni muhimu sana, asishtukie mwishoni. Alilia ofisini, nami nilijikaza mpaka alipotoka. Mkufunzi wake akanipigia, "Madam hebu muangalie, ni mtoto mzuri." Ni kweli ni mtoto mzuri. Nikamwambia arudie wiki nne leba, nimsimamie mwenyewe.

Wiki ya pili nikaingia leba saa nane usiku bila taarifa, nikamkuta kainama na ile fetoskopu ya mbao ya kusikilizia mapigo ya mtoto, sikio tumboni kwa mama, jicho kwenye saa. Akaninyooshea kiganja nisubiri, hakunisalimia hata, anahesabu.