"Wanataniana Tu" na Visingizio Vingine vya Ofisi ya Mwalimu Mkuu

Nikiingia shule yoyote hapa Tanga, iwe Pongwe au Makorora, kuulizia mtoto aliyeanza kutoroka masomo, jibu ni lilelile: "Afisa, hao watoto wanataniana tu." Kwa kazi hii ya ustawi wa jamii, sentensi hiyo nimeisikia hadi imenikinai.

Dhana: Ni utani wa watoto, wataumaliza wenyewe.

Watu wa Tanga hatuhitaji kufundishwa utani. Mzigua akimkuta Mnyamwezi msibani atamfanyia vituko vyote, na Mnyamwezi ana haki ya kulipa papo hapo. Kaburi likichimbwa, mtani huyohuyo yupo na jembe lake. Sasa nionyesheni jembe la wasichana wanaomwita mwenzao "mama Rehema" kila anaposimama kujibu swali, kisa amerudi darasani baada ya kujifungua. Yeye atawalipa kwa lipi? Binti huyo hakuingia kwa hisani ya mtu. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 ndio uliowarejesha waliokatiza masomo. Akizomewa mpaka akaacha tena, na mwalimu alikuwa anasikia, aliyemfukuza ni nani?

Mimi napima hivi: anayetaniwa anaweza kujibu bila woga? Akisema basi, wanaacha? Na wanachomcheka ni jambo alilofanya jana, au ni ngozi yake, dini yake, kabila lake, ulemavu wake, dawa anazokunywa? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 5, inakataza kumbagua mtoto kwa misingi kama hiyo, hata kwa umaskini wa kwao. Sijaona ilipoandikwa "isipokuwa kama mbaguzi ni mwanafunzi mwenzake."

Nikiomba daftari la matukio, likipatikana, nakuta mstari mmoja: "Wanafunzi wawili walitofautiana. Wamesuluhishwa." Akina nani? Kwa neno gani? Hii ni mara ya ngapi? Walimu wangu, andikeni tusi lenyewe kama lilivyotamkwa, hata kama linatia aibu, pamoja na tarehe na aliyelisikia. Muhula ukiisha mtaona jina lipi linajirudia, na hapo ndipo mtakuwa na cha kumwambia mzazi wake.

Na hii tabia ya kuwashikanisha mikono mbele ya mstari, iacheni. Aliyeonewa akisita, shule nzima inamwona yeye ndiye mkorofi. Wahojini mbalimbali, mkianza na aliyeumizwa. Ikibidi mtu ahamishwe mkondo, ahame aliyeudhi. Sielewi kwa nini hili kila mara linafanywa kinyume.

Dhana: Tumemchapa, kesi imekwisha.

Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne na viandikwe, lakini tuache hilo. Aliyechapwa kwa kumwita mwenzake "zeruzeru" anarudi darasani na kinyongo kipya, na mwenzake bado amekaa dawati la nyuma, ubao haoni. Msogezeni mbele. Mwacheni avae kofia yake hata kwenye mstari.

Dhana: Yametokea kwenye simu, nje ya geti.

Sawa, kundi la WhatsApp liliundwa nyumbani. Waliomo ni Kidato cha Pili B, na kicheko kinaendelea asubuhi kabla kipindi cha kwanza hakijaanza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inautambua uonevu wa mtandaoni. Na darasa ambamo uonevu huo unaendelea ni lenu.

Dhana: Mzazi hajalalamika.

Wala si lazima. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Mtoto kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Mwalimu naye ni mwanajamii. Ikiwa mtoto ameshikwashikwa mwili, msijaribu kusuluhisha ofisini. Hilo ni la Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Mtoto mwenyewe anaweza kupiga 116, bure. Namba hiyo nimeikuta imebandikwa ndani ya ofisi ya walimu, juu ya kabati. Ihamishieni kwenye mabomba ya maji, mahali ambapo mtoto ataisoma bila kuulizwa anasoma nini.