Je, watoto wa siku hizi huzaliwa wakiijua teknolojia?

Wengi huamini kwamba mtoto aliyekua na simu mkononi huielewa teknolojia bila kufundishwa, hivyo shule haina haja ya kuhangaika naye. Dhana hii ilivuma hasa kuanzia 2001, na si ajabu: vidole vyake ni vyepesi kuliko vyetu.

Wepesi huo, hata hivyo, ni stadi moja tu. Vipimo vya kimataifa vya 2013 na 2018, vilivyowapa wanafunzi wa darasa la 8 kazi halisi za kompyuta, vilikuta wachache mno wakifika ngazi ya juu kabisa. Kuwa na kifaa pekee hakukutosha.

Ukitaka kuhakikisha mwenyewe, mwambie mwanafunzi ahifadhi insha kwenye folda, abadilishe jina la faili, kisha kesho yake aitafute. Au atafute jambo mtandaoni, nawe umuulize: hapa tangazo la kulipiwa ni lipi? Nani kaandika ukurasa huu, na lini? Usimdokezee (najua inawasha). Pale atakapokwama ndipo pa kuanzia kumfundisha, hata kama ni kidato cha nne.