Maji yanayojificha: kumuuguza mgonjwa wa moyo nyumbani

Saa nane za usiku wodini, wagonjwa wa moyo utawatambua bila kusoma faili. Wenzao wamelala, wao wamekaa. Mmoja ameegemea mito mitatu, mwingine ameteremsha miguu chini na kuinamia kiti cha plastiki kilichowekewa mto. Ukimwambia alale vizuri atakutazama tu. Akilala chali anahisi anazama, na hakosei: maji yamo ndani ya mapafu yake mwenyewe.

Mitaani ugonjwa huu huitwa moyo mkubwa, moyo kutanuka au moyo kujaa maji. Hospitalini tunasema moyo kushindwa kufanya kazi, jina linalowatisha ndugu kwa sababu wanasikia kwamba moyo umesimama. Haujasimama. Unasukuma damu, ila nguvu zimepungua. Figo zikiona damu inazifikia kidogo, hudhani mwili umekaukiwa, hivyo hushikilia chumvi na maji. Ndiyo hayo yanayovimbisha miguu, kujaza tumbo na kupanda hadi mapafuni. Huku kwetu chanzo kikubwa ni shinikizo la juu la damu lililoachwa miaka bila dawa. Wapo walioharibikiwa valvu za moyo kwa homa ya utotoni iliyoanzia kooni, na wapo kina mama ambao moyo hudhoofika mwishoni mwa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua. Utafiti wa hospitali 12 katika nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa umri wa wagonjwa hawa ni miaka 52. Yaani mara nyingi ni mtu ambaye bado analipa ada za watoto.

Jambo ambalo ndugu hutudai sana wodini ni dripu. "Dada, mbona hamumtundikii maji? Hana nguvu kabisa huyu." Naelewa inakotoka, tumezoea kwamba aliyelegea huongezewa maji. Kwa mgonjwa huyu, chupa moja ya dripu iliyotundikwa bila hesabu inaweza kumrudisha kwenye oksijeni. Sisi tunafanya kinyume: tunamchoma furosemide, dawa ya kukojosha, tunainua kichwa cha kitanda, tunapima kila mkojo unaotoka, na tunamgeuza mara kwa mara kwa sababu ngozi iliyovimba huchubuka upesi na kufanya vidonda vya kitandani.

Kazi yetu huchukua siku chache. Iliyobaki ni yenu. Nakumbuka mama mmoja aliyetoka akitembea mwenyewe, akarudi siku ya tisa amebebwa. Dawa alimeza zote. Ila majirani walikuwa wamekuja kumpa pole kila mmoja na chake: supu ya kongoro, uji, madafu "ya kurudisha nguvu". Binti yake alikuwa akilia kwamba alimlisha vizuri.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu kingine chochote kwa ajili ya mgonjwa, nunua mzani. Lita moja ya maji ni kilo moja, na mzani huyaona maji kabla macho hayajaona uvimbe. Apimwe kila asubuhi akishatoka msalani, kabla ya chai, akiwa na nguo nyepesi zilezile, mzani ukiwa juu ya sakafu ngumu na si juu ya mkeka. Andika kwenye daftari. Uzito ukipanda kilo 2 au zaidi ndani ya siku 3, hajanenepa huyo. Piga simu kliniki au mpeleke siku hiyohiyo. Ukishuka haraka huku anaona kizunguzungu, anatapika au anaharisha, nako piga simu, kwani huenda dawa ya kukojosha inamkausha. Kama mzani haujapatikana, bonyeza mfupa wa mguu juu kidogo ya kifundo kwa kidole gumba na uhesabu hadi tano. Kishimo kikibaki, maji yapo. Alama za kamba za ndala nazo zina habari.

Si kila mgonjwa huwekewa kipimo cha maji ya kunywa. Aliyewekewa, mara nyingi ni kati ya lita moja na nusu na mbili kwa siku, na kukisia kwa macho hakusaidii. Chukua chupa ya lita moja na nusu, au kiasi alichoambiwa, ijaze asubuhi. Akinywa maji, mimina humo. Akinywa chai, uji au mchuzi, pima kikombe hichohicho kutoka kwenye chupa uyamwage au uwape wengine. Chupa ikiisha, siku imeisha. Kiu ikimsumbua, asukutue mdomo au anyonye kipande cha limao.

Chumvi ni ngumu zaidi, kwa sababu ile ya kwenye kopo ni sehemu tu. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na humo mmehesabiwa ng'onda, papa wa chumvi, vidonge vya mchuzi, soseji, achari na embe bichi la chumvi na pilipili. Magadi ya kulainishia maharage pia yana sodiamu, sawa na zile dawa za gesi zinazotoa povu kwenye glasi. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili manga vitaokoa mboga. Zile chumvi mbadala za dukani usimpe bila kuuliza: nyingi zina potasiamu, na mtu anayetumia dawa za moyo kama spironolactone au enalapril akijazwa potasiamu mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Ndiyo maana hata madafu tunayahofia.

Dawa zenyewe, tatizo ni neno "dozi". Malaria ina dozi inayoisha, hii haina. Miguu ikinywea ni ishara kwamba vidonge vinafanya kazi, si ruhusa ya kuviacha. Kidonge cha kukojosha anywe asubuhi ili asikeshe njiani kwenda chooni. Kikohozi kikavu kisichoisha kinaweza kuletwa na captopril au enalapril; mwambie daktari aibadilishe. Maumivu ya mgongo yatulizwe kwa paracetamol, kamwe si diclofenac wala ibuprofen, maana hizo hushikilia maji na kuumiza figo. Mwanamke mwenye uwezo wa kuzaa aongee nasi kabla ya kushika mimba: baadhi ya dawa hizi humdhuru mtoto tumboni, na mimba yenyewe ni mzigo kwa moyo.

Kuna swali linaloulizwa mlangoni kwa sauti ya chini, mgonjwa akiwa tayari ameaga. Ndiyo, tendo la ndoa linaruhusiwa hali ikitulia. Akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala maumivu ya kifua, kwa kawaida hakuna shida. Kutembea nako kunafaa, kwa kasi ambayo bado anaweza kuongea.

Akianza kuongeza mito, akishtuka usiku akitafuta hewa, akikohoa povu la rangi ya waridi, akizimia, akiumwa kifua au akichanganyikiwa, msisubiri kupambazuke. Na njiani msimlaze kwenye kiti cha nyuma cha gari. Akae wima, miguu chini, mtu amshike. Kwa hilo hata bajaji inafaa. Beba daftari la uzito na mfuko wenye dawa zote anazotumia, pamoja na ile ya chupa iliyotoka kwa mzee wa mtaa wa pili. Hatutagomba, tunataka tu kujua ameimeza lini.