Taima ya difrosti: saa ndogo inayoyeyusha barafu ndani ya friji

Juu nyama imekuwa jiwe, chini maziwa yamechacha. Friji inanguruma kama kawaida na taa inawaka. Anaitwa mtu, anasikiliza kidogo, anagusa ukuta wa ndani kwa kiganja, kisha anasema: gesi imeisha. Mara nyingi gesi ipo yote. Kilichogoma ni kifaa kidogo cha plastiki kinachoenea kiganjani, au mmoja wa wenzake watatu anaofanya nao kazi.

Taima ya difrosti ni swichi yenye saa ndani yake. Kila baada ya saa kadhaa huikatia kompresa (pampu inayozungusha gesi) umeme kwa dakika chache, na umeme huohuo huupeleka kwenye hita inayoyeyusha barafu iliyoshika kwenye koili ya baridi, yaani bomba lililojikunja ambalo hupoza hewa. Ukiona friji ya milango miwili ambayo kuta za friza yake ni kavu na safi, zile ambazo wauzaji huziita nofrosti, jua koili imefichwa nyuma ya kifuniko cha plastiki, na kuna kitu kinachoiyeyushia barafu bila wewe kujua. Friji ndogo ya mlango mmoja, yenye kijumba cha barafu juu, kwa kawaida haina taima. Ile utaiyeyusha mwenyewe kwa kuizima au kwa kubonyeza kitufe kilicho katikati ya swichi ya ubaridi. (Na kisu usikiguse. Koili zake ni za bati jembamba, ukilitoboa ndipo gesi itaisha kweli. Friji nyingi za siku hizi zina R600a, gesi inayoshika moto.)

Barafu yenyewe huja na hewa. Kila mlango unapofunguliwa, hewa ya nje huingia na unyevu wake, na kwa anayeishi Tanga, Mombasa au Unguja unyevu huo si mdogo. Sufuria ya mchuzi iliyoingizwa bado moto huongeza mvuke mwingine. Mvuke ukigusa koili iliyo nyuzi 20 au zaidi chini ya sifuri, huganda papo hapo na kuwa manyoya meupe. Ajabu ya manyoya hayo ni kwamba yana hewa tele ndani, kwa hiyo hufanya kazi ya blanketi: koili ni baridi, lakini baridi haitoki. Yakizidi, huziba nafasi ambazo feni hupitishia hewa. Katika friji za aina hii ubaridi wote hutengenezwa friza, kisha feni huusukuma chini kupitia tundu. Tundu likizibwa, chini ndiko kunakoumia kwanza huku juu bado kukionekana sawa. Ndiyo maana nyama ni jiwe na maziwa yamechacha.

Ukiifungua taima utakuta mota ndogo mno, msururu wa meno ya plastiki ya kupunguza mwendo, na gurudumu lenye pengo ukingoni. Gurudumu huzunguka polepole. Kwa saa 6, 8, 10 au 12, kutegemea ilivyoandikwa kwenye lebo, ulimi wa swichi hukaa upande wa kompresa. Pengo likifika, ulimi hudondoka, "tak", na umeme huenda kwa hita kwa dakika kama 20 hadi 30. Kisha "tak" nyingine, kompresa inarudi. Ulimi ni mmoja, kwa hiyo kompresa na hita haviwezi kupata umeme wa taima kwa wakati mmoja. Feni ya ndani nayo kwa kawaida husimama, ili isije ikasambaza joto la hita kwenye chakula.

Katika friji nyingi saa hii haihesabu saa za ukutani, inahesabu saa ambazo kompresa imefanya kazi. Kompresa ikipumzika, taima nayo inasimama. Taima ya saa 8 kwenye friji ambayo kompresa yake huwaka nusu ya muda itayeyusha barafu kila baada ya saa 16 hivi. Siku ya wageni, mlango ukifunguliwa kila dakika, kompresa haipumziki na zamu ya kuyeyusha huja mapema, siku hiyohiyo ambayo barafu ni nyingi. Ni akili nzuri kwa kitu kisicho na akili. Umeme ukikatika, taima hubaki palepale ilipofika na kuendelea ukirudi.

Kuna jambo la lebo ambalo wengi hulipita. Mota hii hufuata mapigo ya umeme. Kwetu umeme ni wa hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Friji zilizotengenezwa kwa soko la Saudia au Marekani ni za hezi 60, na taima zake zikifungwa huku hutembea polepole: ya saa 10 inakuwa ya saa 12, na dakika 25 za kuyeyusha zinakuwa 30. Si balaa, lakini penye unyevu mwingi saa mbili za ziada zinaonekana. Taima ya Marekani, zaidi ya hapo, mara nyingi ni ya volti 120, na hiyo kwenye volti 230 haimalizi siku.

Sasa wale wenzake watatu. Wa kwanza ni hita, iliyolazwa chini ya koili au kusukwa ndani yake. Wa pili ni baimetali, kidude cha duara kilichobanwa kwenye bomba la koili. Kikiwa baridi sana hupitisha umeme, na koili ikishapata joto la nyuzi 5 hadi 13 hivi, barafu ikiwa imekwisha, hukata hita hata kama dakika za taima hazijaisha. Wa tatu ni fyuzi ya joto, inayokatika moja kwa moja kwenye nyuzi sabini na kitu, endapo baimetali itashindwa kukata. Yeyote kati ya hawa akifa, hita haiwaki na barafu inajaa. Kununua taima mpya kabla ya kuwapima wote ni kucheza bahati nasibu.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata bisibisi. Toa chakula, chomoa plagi, acha milango yote wazi siku nzima na usiku wake, na utandike mataulo sakafuni. Kisha washa. Friji ikipoza vizuri juu na chini, halafu baada ya wiki moja au mbili ugonjwa uleule ukarudi, tatizo ni la difrosti. Gesi iliyopungua haiponi kwa kuachiwa mlango wazi.

Kipimo cha pili ni macho, na hiki kifanywe kabla ya kuyeyusha ukiweza. Chomoa plagi, fungua kifuniko cha nyuma ya friza, tazama koili. Ikiwa imefunikwa barafu nene kila mahali, juu hadi chini, difrosti haifanyi kazi. Ikiwa barafu ipo kona moja tu, pale gesi inapoingilia, na sehemu nyingine ni tupu, hapo mwenye kusema gesi imepungua ana hoja. Fundi anayetaka kujaza gesi bila kufungua kifuniko hicho mwombe akifungue kwanza.

Cha tatu ni kuigeuza taima kwa mkono, friji ikiwa imewashwa na kompresa inanguruma. Huwa imejificha nyuma ya kiboksi cha swichi ya ubaridi, chini mbele nyuma ya ubao wa miguuni, au nyuma karibu na kompresa. Ina kichwa kidogo chenye mfuo. Kigeuze kwa bisibisi bapa, polepole, kuelekea mshale au mkono wa saa, kamwe si kinyume, hadi usikie "tak". Kompresa inanyamaza. Koili ikiwa bado na barafu, baada ya dakika chache utasikia matone yakichemka juu ya hita kama maji kwenye kikaango. Ukisikia hivyo, hita, baimetali na fyuzi ni wazima, na mshukiwa ni taima. Acha ikae. Ikijirudisha yenyewe ndani ya nusu saa hivi, mota yake angalau inazunguka. Kama haikujirudisha, weka alama ya kalamu kwenye kichwa na utazame tena baada ya saa mbili.

Usiposikia matone yakichemka, chomoa plagi na ulete mita ya kupimia umeme. Hita ya wati 200 kwenye volti 230 husoma karibu omu 265 (omu ni kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme). Ukipata mia mbili na kitu au tatu na kitu, ni nzima. Usipopata kitu, waya wake umekatika. Fyuzi inapaswa kusoma karibu sifuri. Ikiwa imekatika, badilisha na utafute sababu, na usiunganishe waya moja kwa moja: pale ndani kumejaa plastiki. Baimetali ndiyo huhukumiwa bila kosa. Ikipimwa mezani, kwenye joto la chumba, huonekana imekatika, na ndivyo inavyotakiwa. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, izamishe kwenye barafu iliyopondwa na chumvi nyingi, maana barafu tupu ni nyuzi sifuri na haitoshi. Au iombee nafasi kwenye friza ya jirani. Ikipoa sana ndipo upime.

Ukishabadilisha kilichokufa, yeyusha barafu yote kwa mkono kabla ya kufunga. Hesabu yake ni hii: hita ya wati 200 kwa dakika 25 hutoa kilojuli 300, na kuyeyusha kilo moja ya barafu kunataka kama 334. Yaani zamu moja haimalizi hata kilo, na koili iliyoganda kwa mwezi ina zaidi ya hapo. Wengi wameilaumu taima mpya kwa deni la ile ya zamani. Unaponunua, linganisha saa, volti, hezi na mpangilio wa pini nne. Zinafanana kwa umbo lakini waya hazikai sawa.

Maji yanayodondoka upande wa chini, au bamba la barafu sakafuni mwa friza, ni habari nyingine: tundu la kutolea maji limeziba. Lisafishe kwa maji ya moto. Mpira wa mlango uliolegea nao utaleta barafu nyingi kuliko hita inavyoweza. Friji mpya nyingi hazina taima ya meno kabisa. Zina kadi ya kielektroniki na sensa, na kichwa cha kugeuza hutakiona, ila hita na fyuzi hupimwa vilevile.

Limebaki kosa la upande wa pili, taima kukwama ikiwa kwenye kuyeyusha. Taa inawaka, kompresa kimya, feni kimya, kila kitu kinapata joto. Linafanana sana na kompresa iliyokufa, na kuna waliouziwa kompresa kwa sababu hiyo. Hata taima nzima inaweza kukutisha hivyo: umeme ukikatika katikati ya zamu ya hita, ukirudi friji itakaa kimya mpaka dakika zilizobaki ziishe. Subiri nusu saa. Ikiendelea kunyamaza, geuza kile kichwa hadi "tak" na usikilize kama kompresa inaamka.